Awa Odori na familia: mgeni anaruhusiwa kucheza? Na mama mjamzito je?

Swali: "Habari mtaalamu. Niko Kobe nasoma masters, mke wangu na binti yetu wa miaka 6 wanakuja mwezi wa nane kunitembelea wiki tatu. Mke wangu ni mtu wa ngoma sana, ameona video za Awa Odori na anataka tukacheze, sio tukae pembeni tutazame. Sasa wenzangu hapa kila mtu na lake. Mmoja anasema mgeni haruhusiwi kuingia, ni ya wenyeji tu. Mwingine anasema lazima ununue tiketi ya bei mbaya na kimono juu. Wa tatu anasema ile ni ibada ya mizimu na sisi Waislamu tusikaribie kabisa. Halafu mke wangu ni mjamzito, miezi mitano. Hivi tunaweza kweli au nimtafutie kitu kingine?"

Jibu:

Salaam ndugu yangu, na hongereni kwa mtoto anayekuja. Shemeji namuelewa, zile video za Awa Odori, ngoma ya mitaani ya mji wa Tokushima, ukiziangalia sana hata kwenye kiti unajikuta mabega yanacheza. Nikikusoma vizuri, kucheza mnataka, ila hamjui mlango uko wapi, mnaogopa gharama, kuna wasiwasi wa dini, na juu ya yote kuna mimba na mtoto mdogo kwenye joto la Agosti. Hao wenzako hawajakudanganya moja kwa moja, kila mmoja ana kipande cha ukweli ila amekitoa kwenye sherehe nyingine akakibandika kwenye hii. Sherehe za Japani ni nyingi mno na kila moja ina utaratibu wake, ndo maana mtu aliyefukuzwa Kyoto anakuja kukutisha na Tokushima.

Tuanze na la mgeni kukatazwa. Kuna sherehe ambazo kweli huingii hivi hivi. Chukua Sanja Matsuri ya Asakusa pale Tokyo, mwezi wa tano, wanabeba mikoshi, yaani hekalu dogo la kubebwa mabegani, na wanaobeba ni watu wa mitaa ile waliovaa koti la mtaa wao. Huna koti, hugusi ule mti wa kubebea. Au Gion ya Kyoto, ambayo inakula mwezi mzima wa saba na gwaride zake kubwa ni tarehe 17 na 24. Yale magari ya mbao makubwa kabisa yanafika mita 25 kwenda juu na uzito kama tani 12, yamefungwa kwa kamba bila misumari, magurudumu yake hayakati kona. Ikifika njia panda wanatandika vipande vya mianzi chini, wanamwagia maji, halafu wanalivuta kwa ubavu kidogo kidogo mpaka ligeuke. Sasa hapo mtu mmoja akivuta wakati wenzake wametulia kuna mtu anaweza kupondwa mguu au zaidi ya mguu, kwa hiyo kila anayeshika kamba amepangwa mapema. Sio kwamba wanamchukia mgeni. Mtaa umechanga hela, umefanya mazoezi, na kukitokea ajali mtaa ndio unajibu. Mjapani kutoka mji mwingine naye hawezi kuingia tu, hilo watu huwa hawalisemi.

Awa Odori iko tofauti kabisa. Ni ya mji wa Tokushima, kisiwa cha Shikoku, tarehe 12 mpaka 15 Agosti kila mwaka, Awa ni jina la zamani la mkoa huo. Ngoma yenyewe inaendeshwa na vikundi, wanaviita ren. Mtu wa pwani akiviona atakumbuka mambo ya beni, kila kikundi na sare yake, mbwembwe zake, wapigaji wake, na upinzani wa chini chini wa nani kaingia vizuri zaidi. Vikundi maarufu vinafanya mazoezi mwaka mzima na humo huwezi kujipachika, ukijichomeka katikati ya mstari wao unawaharibia kazi na watakutoa kwa heshima. Lakini wenyeji waliona mbali, wakaweka kikundi cha papo kwa papo kinaitwa niwaka-ren, hicho ni cha yeyote, Mjapani, Mtanzania, mtoto, bibi. Unafika mahali pa kukusanyika muda uliotangazwa, wachezaji wazoefu wanawafundisha dakika chache, halafu mnaingia wote barabarani kwenye jukwaa lenyewe huku watu wamekaa pande zote wanawapigia makofi. Kwa kawaida ni bure, hujiandikishi kabla, huhitaji sare. Muda na mahali vinatangazwa upya kila mwaka kwa hiyo usiamini video ya mwaka juzi, angalia tangazo la mwaka huu au uliza dawati la taarifa za wageni pale stesheni ya Tokushima.

Na wala msiogope kwamba hamjui kucheza. Mdundo ni wa mapigo mawili tu, moja mbili moja mbili, kuna ngoma, filimbi ya mwanzi, shamiseni (zeze la nyuzi tatu) na kakengele ka shaba ambako ndiko kanashika mwendo wa kikundi kizima. Mikono iko juu ya mabega muda wote, na hapa ndipo wengi wanakwama, mguu wa kulia unatoka na mkono wa kulia, wa kushoto na wa kushoto, kinyume na tunavyotembea siku zote. Mwili unagoma dakika mbili tatu halafu unakubali. Mtindo wa kiume unainama sana magoti nje, mtindo wa kike unasimama wima na wale akina mama wa vikundi wanacheza wakiwa wameegemea ncha za mbele za viatu vya mbao na kofia za majani zimewafunika uso, kazi ngumu sana ile usione wanatabasamu. Shemeji asijaribu hivyo viatu, avae raba zake. Na wao wenyewe wana kibwagizo wanachoimba kwamba anayecheza ni mjinga na anayetazama ni mjinga, basi kama wote ni wajinga bora ucheze, usipate hasara.

Kuhusu hela. Kuna majukwaa ya kulipia, kama Aibahama na Minami Uchimachi, unapata kiti kwenye ngazi na unaona vikundi vikubwa vikipita mbele yako, na kuna sehemu za bure mitaani ambako unasimama tu. Kiti cha kawaida ni maelfu machache ya yeni, sio cha kuuza ng'ombe. Huyo wa tiketi ghali nadhani alisikia habari za 2023 waandaaji walipoweka viti vya kifahari vya yeni 200,000 kimoja, ilikuwa gumzo nchi nzima. Sababu yake ni kwamba sherehe hii inakula hela nyingi, na kabla ya hapo waandaaji wa zamani waliacha deni lililozidi yeni milioni 400. Mwaka 2018 ilifika mahali meya akafuta ile ngoma kuu ya kufungia usiku ambayo vikundi vyote vikubwa vinaungana mstari mmoja, akitaka watu wasambae kwenye majukwaa mengine tiketi ziuzike, na vikundi vikakataa, vikaenda kuicheza mtaani bila ruhusa yake. Mimi nilikuwa upande wa vikundi, nasema wazi. Lakini kwenu ninyi la msingi ni kwamba kucheza hakuhitaji tiketi, tiketi ni ya kukaa. Kimono pia hamhitaji. Mkitaka picha nzuri kodini yukata, ile nguo nyepesi ya pamba ya kiangazi, ila upande wa kushoto ndio ulale juu ya wa kulia kwa mwanamke na mwanaume, maana kinyume chake wanavalishwa maiti.

Sasa la dini, na hili sitaki kulipaka rangi. Ngoma nyingi za Agosti zina mizizi kwenye Obon, siku ambazo kwa imani ya Kibudha ya Kijapani roho za waliofariki zinarudi nyumbani, familia zinaenda makaburini, zinasafisha, zinawasha taa. Awa Odori ilitokea humo, ingawa kuna hadithi nyingine ya mjini kwamba ilianza watu walipofurahia ngome ya Tokushima kukamilika karne ya 16. Kwa hiyo mwenzako hajatunga. Ila ukienda leo pale barabarani hakuna kasisi anayeongoza, hakuna madhabahu mbele yako, hakuna sadaka unayotoa wala maneno ya sala unayotamkishwa, ni mji, wafanyabiashara na vikundi vya ngoma. Ukilinganisha na mikoshi, huko ni kitu kingine, wanaamini mungu wao yuko mle ndani na ndio maana sehemu nyingine unakatazwa hata kuliangalia kutoka ghorofani kwa juu. Kati ya hivyo viwili kuna umbali mkubwa na mtu anayesema "zote sawa" hajaziona. Kama asili tu ya kitu inatosha kukufanya ukae mbali, au haitoshi, hilo sio langu kuamua, mimi ni mtu wa sherehe sio shehe. Na bahati yako uko Kobe, msikiti wa pale Kitano upo tangu 1935 na waumini wake wameishi na Obon miaka yote hiyo, mkamuulize imamu ana kwa ana na mumueleze hasa mnachotaka kufanya, msimuulize kwa jumla jumla "sherehe za Wajapani zinafaa?" maana jibu litakuwa la jumla jumla pia. Chakula ndio kiwatie wasiwasi zaidi pale mtaani. Zile tambi za kukaanga kwenye vibanda mara nyingi zina nguruwe na sosi zina mambo yake, barafu ya kusaga ulizeni sharubati yake ina nini kama mna wasiwasi, bebeni chakula chenu kutoka Kobe yaishe. Magharibi inaingia karibu saa moja jioni kwa siku hizo na ngoma za mtaani zinaanza kama saa kumi na mbili, kwa hiyo pangeni kabla hamjazama kwenye watu.

Nije kwenye kilichonifanya niandike jibu refu. Joto. Najua utasema sisi watu wa Dar joto ndio letu. Hapana, ndugu yangu. Agosti Dar ni msimu wa upepo na usiku unajifunika shuka, wakati Tokushima mchana inagonga 33 mpaka 35 na usiku mara nyingi haishuki chini ya 25, na hewa imejaa maji. Mwili unajipoza kwa jasho kukauka, sio kwa jasho kutoka, sasa hewa ikishalowa jasho linatiririka tu bila kukauka na joto linabaki ndani. Unaona mtu amelowa chapachapa ukadhani anapoa, kumbe ndio anachemka. Ongeza watu elfu na elfu wamebanana, lami iliyopigwa jua mchana kutwa inatema joto kwa chini, na mtoto wa miaka 6 kimo chake kiko karibu na hiyo lami kuliko wewe. Mjamzito naye moyo wake tayari unasukuma damu nyingi kuliko kawaida na mwili wake unazalisha joto zaidi, ndio maana anachoka na kizunguzungu kinamjia upesi akisimama muda mrefu. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea joto jipya, kwa hiyo kama wanashuka ndege tarehe 10 na tarehe 12 mko barabarani, sikubaliani. Waje mapema iwezekanavyo.

Kwa mimba ya miezi mitano inayokwenda vizuri, hatua za Awa Odori kwa utaratibu, bila kuruka na bila kuinama kwa mtindo wa kiume, kwa wengi sio tatizo. Lakini mimi simjui shemeji wala historia yake. Kabla ya kukata tiketi aende kwa daktari wake amwambie mambo matatu kwa uwazi, ndege ndefu, joto, na kucheza kwenye msongamano. Kama amewahi kutokwa damu, ana presha, kondo liko chini, au aliwahi kujifungua kabla ya wakati, basi mjadala unaishia pale kwa daktari, msinisikilize mimi wala video yoyote. Mashirika mengi ya ndege yanataka barua ya daktari kuanzia kama wiki ya 28, hivyo hesabuni tarehe ya kurudi sio ya kuja. Na bima: wewe mwanafunzi una bima ya afya ya hapa ila mgeni wako hana, hospitali atalipa yote kutoka mfukoni. Bima nyingi za safari hazigusi mambo ya ujauzito, soma yale maandishi madogo.

Mkiwa pale, maji peke yake hayatoshi, kunyweni na vile vinywaji vya chumvi chumvi vilivyojaa kwenye mashine za mtaani. Kitambaa chenye maji shingoni, feni ya mkono, kofia mchana. Serikali inatoa tahadhari ya joto kali, siku ikitolewa kwa Tokushima nendeni ndani kwenye viyoyozi, ngoma ipo na ndani nitawaambia. Mtu akilalamika kichwa, kichefuchefu, misuli kubana, mtoeni kwenye watu, mwekeni kwenye ubaridi, alegeze nguo, anywe. Akianza kuongea visivyoeleweka, akashindwa kunywa mwenyewe, au akazimia, msipige stori, pigeni 119 ni bure, na huku mnasubiri mmwagieni maji mumpepee, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kwa shemeji ongeza haya, tumbo kukaza kwa kurudia rudia, damu, maji kutoka, mtoto kuacha kucheza kama alishaanza kumsikia. Hayo hayasubiri kesho. Vituo vya huduma ya kwanza vinakuwepo eneo la sherehe, mkifika tu ulizeni kiko wapi kabla hamjakihitaji.

Basi ningekuwa mimi ningefanyaje? Ningekwenda tarehe 12. Siku za mwisho ni tamu ila Agosti ni mwezi wa vimbunga, mwaka 2019 siku mbili za mwisho zilifutwa zote kwa sababu ya kimbunga, na ukianza mapema unabaki na nafasi ya pili. Mchana mkae ndani, kuna maonyesho ya ukumbini ya vikundi teule, viti, kiyoyozi, choo karibu (mjamzito hili la choo ndio la kwanza, foleni za nje zinaumiza). Jioni simameni sehemu ya bure muone vikundi vikubwa kidogo, halafu mwingie niwaka-ren ya awali, ile ya mapema kabla watu hawajafurika. Shemeji acheze kipande chake pembeni mwa mstari ambako ni rahisi kutoka, wewe uwe na binti, mkononi mwake umeandika namba yako ya simu. Mkimaliza ondokeni.

Kama daktari atasita, au kama mkiona hiyo habari ya watu wengi haiwezekani, kuna njia ambayo kwa kweli kwa familia yenu mimi naipenda zaidi, ingawa najua video haiwezi kufanana. Pale chini ya mlima Bizan kuna Awa Odori Kaikan, jumba la ngoma hii, linafanya maonyesho mwaka mzima na mwishoni wanawaita watazamaji wanawafundisha na kucheza nao. Nendeni siku ya kawaida nje ya tarehe za sherehe, hoteli ni rahisi, mabasi hayajajaa, na shemeji anacheza na wachezaji wa kweli ndani ya ubaridi kisha anakaa. Halafu hapo hapo Kobe, mitaa inafanya bon odori zake, yaani ngoma za Obon, Julai na Agosti kwenye viwanja vya shule na bustani. Wanazunguka jukwaa la mbao lenye ngoma juu, yeyote anaingia duara, unamwangalia mama mzee aliye mbele yako unamfuata mikono, ukichoka unatoka. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani, na watoto wanajazana kwenye vibanda vya kuvua samaki wadogo kwa karatasi.

Sherehe ya Nebuta ya mji wa Aomori, tarehe 2 mpaka 7 Agosti, nayo inaruhusu yeyote aliyevaa vazi lake kuingia kuruka nyuma ya yale masanamu ya taa, na mavazi yanakodishwa, ila ni kuruka hasa, na ni mbali sana kutoka Kobe. Mwaka mwingine. Danjiri ya Kishiwada, sherehe ya kuvuta magari ya mbao karibu na Osaka mwezi wa tisa, usimpeleke mtoto kwenye kona zake hata kama wangekuwa bado wako Japani, yale magari ya tani nne yanakata kona yakikimbia na watu wameshakufa pale.

Jambo la mwisho ambalo wengi linawakuta ni usafiri. Kutoka Sannomiya, katikati ya Kobe, basi la barabara kuu linapita daraja la Akashi na kisiwa cha Awaji na kufika Tokushima kwa muda wa kama masaa mawili, lakini hizo ndizo siku Japani nzima inarudi kwao kwa Obon na foleni ya hilo daraja inaweza kuongeza hata zaidi ya saa. Basi la mwisho la kurudi kwa kawaida linaondoka kabla ngoma haijaisha, na linajaa. Kata tiketi ya kwenda na ya kurudi siku zinapofunguliwa, ya kurudi ndio uanze nayo. Hoteli za Tokushima mjini tarehe hizo huisha miezi kabla, ukikosa tafuta mji wa jirani wa Naruto, au mji wa Takamatsu ambako treni ya haraka inachukua kama saa moja. Ukikosa ya kurudi na ukakosa pa kulala, usiende na mjamzito na mtoto kwa kubahatisha, chukua siku ya Kaikan.